Leso Mpya za Bakari

Wajukuu zangu hunisifu kwa busara. Basi leo nawapa aibu yangu, niiseme mwenyewe kabla hawajaisikia kwa majirani.

Miaka ile ya uhuru, chama cha taarabu cha Msambweni kilimtuma mume wangu Bakari akachague selo kwa fundi mmoja wa Likoni, aliyezichonga kwa mkono. Mimi selo sikuwa nimepata kuiona. Bakari aliniambia ni fidla kubwa. Jumamosi tatu akaenda, akarudi mikono mitupu.

"Sauti bado haijanikaa moyoni," akasema.

"Kwani fidla yachaguliwa kama mke?" nikamjibu.

Jumamosi ya nne nikamwona anatia kikapuni doti ya leso mpya. Kwetu mwanamume hanunui leso bure, na mimi sikuwa nimeletewa hata moja tangu Idi ya mwaka juzi. Nikavaa buibui, nikamfuata.

Kwa fundi nikachungulia kwenye pazia. Bakari ameketi, amemkumbatia mtu mwenye nyonga pana, kagubikwa leso zile mpaka kichwani. Hodi sikupiga.

"Mwanahizaya wewe, niachie mume wangu!" Nikavuta leso kwa nguvu zangu zote.

Nyuzi zikalia, ngwaaa!

"Taratibu, shemeji!" fundi akapiga kelele. "Twaifunga selo isiingie vumbi la njiani!"

Wazee wa chama wote, waliokuja kuisikiliza, walikuwa wameketi kando ya ukuta, wananitazama. Bakari akaokota upinde wa kupigia, akaupangusa polepole.

"Mama Mwanasha," akasema, "mke mwenzio huyo. Mwamkie."