Bangili Isiyolia

Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Nasema hivi mapema kwa sababu hapa Kerende wapo watu ambao mpaka leo hucheka wakisikia habari hii. Waende kwanza wamshike dada yangu Bhoke vidole viwili vya mkono wa kushoto, halafu warudi wanicheke vizuri.

Mimi ni wa kwanza kwa mama yetu. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la tano. Nikaacha shule, maana nyuma yangu walikuwepo Bhoke na wadogo wawili, na hao hawali madaftari. Nikalishika jembe la mama. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, tuliliacha boma letu na kaburi la mama kule juu mlimani. Jembe nilikuja nalo. Lilikuwa limelika, limebaki upana wa kiganja.

Nililitunza kwa sababu moja. Katika ukoo wetu msichana haolewi mkono mtupu. Jembe la mama yake hupelekwa kwa mhunzi likafuliwa bangili, ili mkono uliomlisha uendelee kumshika huko aendako.

Bhoke alipoposwa, nilimweleza hilo baba mdogo, ndugu wa baba yetu, mbele ya wageni.

"Chuma?" alisema. "Unataka binti atoke hapa kama ng'ombe wa mnyororo? Wenzake wanavaa shaba inayong'aa. Au yatima hawana macho?"

Wageni walicheka. Mkubwa hajibiwi. Lakini maneno yale yalinikaa rohoni, na ujinga wangu ulianzia hapo.

Kesho yake nikalibeba jembe kwenda kwa mhunzi. Njia inapita kwenye boma letu la zamani. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama utosini. Juu ya figa moja la jiko la mama alikuwa amekaa mwanamke, mikono imejaa bangili za njano kutoka kiganjani mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Wewe umewahi kumwona mtu mzima asiyeitikia shikamoo?

"Hilo lichuma la kutu unalipeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa mhunzi. Ni bangili ya dada yangu."

"Watamcheka." Akavua bangili moja, akaninyooshea. "Tubadilishane. Hilo jembe la nani?"

"La mama."

"Basi sema umenipa."

Nikasema, nimekupa.

Niamini, niliona kila kitu. Niliona bangili zote zile zikigongana mkononi mwake bila kutoa sauti. Niliipokea ile yangu juani, ikawa ya baridi kama jiwe la chini ya mto. Niliona, nikachukua. Kwa hilo sijajisamehe.

Nikaendelea kwa mhunzi ili anipimie ile bangili kama ni shaba kweli. Alikuwa mzee wa ukoo wa wahunzi, watu ambao sisi tunawaogopa na hatuoi kwao, lakini bila wao hatulimi. Aliigonga bangili kwenye fuawe mara moja. Kimya. Akaigonga tena kwa nguvu. Kimya, kama amepiga matope.

"Kijana, kitu cha kuvaa hakichaguliwi kwa macho," alisema. "Shaba nyekundu itaacha ukijani mkononi, utaosha. Ya njano itafifia, utaisugua kwa majivu. Chuma kitashika kutu, utakipaka samli. Vyote vina kasoro, na vyote vinalia. Hiki hakijapita moto wa mtu yeyote. Katupe mtoni."

Nilifika mtoni nikiwa na nia ya kuitupa. Nikakumbuka kicheko cha wale wageni. Mkono ukakataa.

Bhoke aliivaa akicheka. "Kaka, mbona ya baridi hivi?" Siku ya tatu hakucheka tena. Bangili ilikuwa imembana hadi haizunguki, na vidole viwili vimekufa ganzi, vyeusi kwenye kucha. Nikamkimbilia baba mdogo. Unajua alisemaje?

"Mfunike mkono kwa kanga. Ng'ombe wanakuja Jumamosi."

Nikamwacha amekaa nikapanda mlima, na hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Shamba la mama lilikuwa limelimwa lote, bila nyayo hata moja. Matuta yalielekea kaburini, na upande wa miguu udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kufukuliwa. Jembe lilikuwa limesimama hapo hapo. Yule mwanamke alitaka mama afukuliwe kwa jembe lake mwenyewe.

Mwanamke alikuwa kwenye figa lake. "Ulinipa kwa kinywa chako," alisema.

"Nilikupa kisicho changu," nikamwambia. "Jembe la mama ni la Bhoke. Mimi ni mtunzaji tu, na mtunzaji hana ruhusa ya kugawa."

Nililing'oa jembe kwa mikono miwili. Nilipoinua macho, figa lilikuwa tupu.

Siku ile ile nilimpeleka Bhoke kwa mhunzi. Mzee alilifua lile jembe mpaka likawa bangili, akaipoza, akamvalisha juu ya ile ya njano. Zikagusana. Ya chuma ikalia, sauti kali ya kuumiza meno, na ya njano ikapasuka kama chungu kibichi. Ndani ilikuwa udongo wa kaburi.

Bhoke aliolewa. Baba mdogo alikuja, akala nyama, akasifiwa kwa kumlea vizuri. Sikumpa mkono siku ile, na alipokufa nilimzika kwa sababu ya desturi tu. Vile vidole viwili havijarudi. Dada yangu huvitumbukiza kwenye maji yanayochemka kutoa viazi, na haonyeshi hata kukunja uso. Wanawe wanaona ni mchezo. Mimi nikiona hutoka nje.

Kwa hiyo wewe unayemchagulia binti yako kitu cha kuvaa, kigonge kwenye jiwe kwanza usikilize. Kisipolia, usiulize bei, ondoka. Na akitokea mtu wa kukucheka kwa sababu ya chuma chako, mwache acheke. Mkono utakaokufa si wake.