Makochi ya Baba, Mikono ya Bibi

Jirani yangu akikaanga kahawa, mimi hufunga dirisha. Anadhani ni maringo. Mtoto wa Mbozi kuikimbia kahawa! Lakini anajua kwetu kahawa tunailima na kuiuza, tunachokunywa ni chai, kwa hiyo ananisamehe. Sijawahi kumweleza sababu. Nawaeleza ninyi, kwa kuwa nyumbani kwetu habari hii haizungumzwi.

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi Tunduma, mpakani, nyuma tu ya barabara yanakopanga foleni malori. Dada yangu Neema alikuwa amepata mchumba, na washenga walikuwa wanakuja na barua ya posa. Baba, ambaye aliuza vipuri vya baiskeli na kujiona tajiri, alivuka mpaka akarudi na seti ya makochi kwenye mkokoteni, yamefunikwa turubai gubigubi. Aliwaambia majirani ni mapya, ya dukani.

Turubai lilipofunuliwa sebuleni, sote tulirudi nyuma. Ulikuwa mkojo, mkojo wa siku nyingi uliolala ndani ya sponji. Mama akakimbilia madirisha. Baba akasema hiyo ni harufu ya upya, na aliyasema hayo akipumua kwa mdomo.

Aliyetuokoa ni Bibi, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kutoka Isansa, kijijini kwetu Mbozi, kwa ajili ya shughuli hiyo. Hakumlaumu mtu. Alifumua mishono kwa wembe, akazitoa sponji, akanikalisha karibu naye kwenye beseni uani. Maji, sabuni ya mche, siki, suuza, kamua. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Mimi nilimwaga maji na kupiga soga, yeye alikamua mpaka vidole vikagoma kunyooka. Mbao alizisugua kwa majivu. Kisha akatoa kahawa kwenye mzigo wake, akaikaanga, akaitwanga, akaishona kwenye vifuko vya kanga kuukuu na kuvificha chini ya kila kiti. Nyumba nzima ikanukia.

"Sasa sponji zikae juani siku nne," alisema. "Juu zimekauka, ndani bado. Mkiziwahi, harufu itarudi."

Baba hakungoja. Siku ya pili jirani mmoja alichungulia uani, akauliza kwa utani kama siku hizi makochi mapya yanafuliwa. Jioni ileile baba akaamuru sponji ziingizwe. Mama akazishona, akatandika juu yake vitambaa vyake vya kufuma. Bibi alisema mara moja tu, "Mwanangu, bado." Pale alikuwa mgeni. Lakini Jumamosi, siku ya washenga, nilipoamka nilimkuta amepiga magoti sebuleni na matambara makavu, anayakamua makochi yale kiti kwa kiti.

Wageni walikuja wanne, watu wazima wenye miili yao. Wakaketi. Baba akayasifia makochi yake mapya, akataja hadi duka. Joto la miili likafanya kazi yake. Barua ilikuwa haijafunguliwa harufu ilipoanza kupanda, kidogo kidogo, kisha waziwazi. Mama mmoja wa upande wao akatoa leso. Neema aliinamisha kichwa, nikaona machozi yanamlengalenga.

"Mtusamehe, wazee wangu," baba alisema kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu kwenye pazia la chumbani. "Ni mama. Uzee umemzidi, siku hizi hawezi kujizuia."

"Pole sana, baba," mshenga alimjibu. "Kumtunza mzazi ni baraka."

Wakamheshimu zaidi. Barua ikapokelewa.

Nyuma ya pazia lile Bibi alikuwa amesimama na birika la chai, amevaa kitenge kipya, akingoja kuitwa asalimie wageni. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la kunawisha, nikamwona. Alilitua birika taratibu, akarudi kukaa kitandani. Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

Wageni walipoondoka aliniita.

"Njoo uninuse, mjukuu wangu. Usinifiche. Ninanuka?"

Nikanusa shingo, nikanusa kitenge na kilemba. Sabuni na kahawa, basi. Kisha nikanusa viganja.

"Mikono tu, Bibi," nikasema. Shule ya Jumapili ilinifundisha kusema kweli.

Aliitazama mikono yake. "Haya. Asante kwa kuniambia."

Jumatatu alirudi Isansa. Kiangazi kilipokolea makochi yakakauka yenyewe, na ndani ya mwezi nyumba haikunuka tena. "Mnaona? Tangu bibi yenu aondoke!" baba akatuambia. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameshauamini uongo wake. Mama, aliyezishona sponji zile kwa mkono wake zikiwa mbichi, akanyoosha vitambaa vyake vya kufuma. Eti njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilifika hadi harusini, na mpaka leo anaitembea, nami sijamsamehe.

Bibi hakuja harusini. Alituma kahawa, na salamu kwamba asingependa kuwaaibisha watu. Kila likizo tulipokwenda kwake alitupokea mikono ikiwa ndani ya kitenge, akatusalimia kwa kuinamisha kichwa. Watu walisema ni baridi ya Mbozi. Alikufa hivyo, bila kumpa mtu mkono.

Mwaka mmoja, mwanangu alipokojoa kitandani, nilifua godoro lake uani. Nilipomaliza nikajifuta jasho, na harufu ya viganja vyangu ikanikalisha chini palepale. Ilikuwa ya makochi yetu. Bibi alikuwa na shahidi mmoja tu, aliyekaa naye kwenye beseni siku tatu nzima. Ndiye huyo aliyemwambia kwamba ananuka.