Mkuyu wa Jikoni kwa Packie

Malachy Tarpey wa Kilcorrin alikuwa na dharau ya kutosha kijiji kizima, na iliyobaki akaielekeza Dublin, kwa serikali ya Ireland. Alidharau chai ya vifuko. Alidharau padri aliyepiga gitaa kanisani na wanaume waliosukuma vigari vya watoto. Lakini hakuna alichokidharau kama ile ruzuku ya nyumba, fedha ambayo serikali humpa mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza, gofu lililoachwa ukiwa, ili alitengeneze akae.

"Mtu mzima na akili zake," alikuwa akisema katika baa ya Fonsie Regan, "ananunua gofu, halafu anamwomba karani amwezekee! Mimi nimejenga kwa mikono hii."

Mikono hiyo, sawa. Ila banda lake la ng'ombe lilijengwa kwa ruzuku, uzio wake ulikuwa wa ruzuku, na kila kondoo wake mwenye sikio la kutobolewa alikuwa akimletea bahasha ya serikali. Ukimgusia hayo anawaka: "Hiyo ni haki ya mkulima!" Cha kwake ni haki, cha mwenzake ni kuombaomba. Watu wa namna hiyo wamejaa tele, ila wengi wao wana haya ya kusema polepole. Malachy hakuwa na haya hiyo.

Basi kwa kejeli za dunia, aliyekuja kuomba ruzuku alikuwa mpwa wake mwenyewe. Sorcha, binti wa dadake Attracta, alikuwa muuguzi, na mumewe Eunan alikuwa fundi umeme. Pamoja na mtoto wao walikuwa wakiishi katika nyumba ya magurudumu nyuma ya uwanja wa Attracta, ambamo ukipika kabichi hata nepi zinanuka kabichi. Majira ya baridi yaliyopita mtoto alikohoa hadi daktari akasema baridi nyingine asiipitishe humo. Wakakusanya akiba yao yote wakanunua nyumba ya marehemu Packie Joe, kapera aliyekufa zamani bila mtu wa kumrithi ila binamu wa Boston. Paa lilikuwa limeanguka nusu, na katikati ya jiko umeota mkuyu wa kizungu, umetokeza juu, unapunga upepo. Nyumba hiyo ilikuwa mkabala na dirisha la Malachy, barabara tu katikati.

Sorcha alikwenda kumweleza mjombake kabla maneno hayajamfikia.

"Mjomba, nisikilize vizuri. Mkaguzi wa halmashauri lazima aione nyumba kama ilivyo. Akishaidhinisha, ndipo tuanze. Benki nayo imesema bila ruzuku haitukopeshi. Kwa hiyo hakuna kugusa hata jiwe. Umenielewa?"

"Kwa hiyo mnakaa mnautazama mti?"

"Ndiyo, Mjomba. Tunakaa tunautazama mti."

"Loo! Babu yako yuko kaburini anageuka kama kuku kwenye moto."

"Mwache ageuke. Wewe usiguse tu."

Halmashauri nayo, tusiipambe. Sorcha na Eunan walituma maombi mwanzo wa mwaka. Maua yakachanua, nyasi zikakatwa, mkaguzi haonekani. Ukipiga simu unaambiwa mhusika yuko likizo. Sijui ni likizo gani isiyokwisha. Na Malachy kila asubuhi akisimama dirishani na kikombe chake anautazama ule mti, anasonya.

Hatimaye mkaguzi akapanga kuja Jumanne moja ya mwezi Agosti. Wiki hiyo ndugu wa Eunan alikuwa akioa huko Cork, na Ijumaa familia yote ikaenda harusini, Attracta, mtoto na wote. Gari halijapotea konani, Malachy ameshaingia baa kwa Fonsie.

Sasa, Kilcorrin kuna jambo moja ambalo hakuna mwanamume anayelikataa. Jirani akisema njooni tukamsaidie fulani kuvuna nyasi, wote huenda, na mwenye shughuli hulisha watu. Hakuna anayeuliza kama fulani mwenyewe ameomba. Kuuliza ni kama kumwambia mwenzako una roho mbaya. Malachy aliijua desturi hiyo akaitumia.

"Kesho saa mbili, kwa Packie," alisema. "Tumwezekee yule binti. Akirudi akute paa."

"Si walisema mkaguzi kwanza?" Fonsie aliuliza, na hapo alifanya kosa la kuuliza kwa sauti ndogo.

"Mkaguzi! Akikuta kazi imeanza si atafurahi? Atakuwa ameokolewa nusu ya gharama. Au wewe siku hizi unaomba ruhusa kushika nyundo, Fonsie?"

Baa ikacheka. Jumamosi Fonsie akaja na trekta.

Walifanya kazi, huwezi kuwanyima hilo. Waliukata mkuyu kwa msumeno wa mashine wakauburuta hadi kwenye mtaro, wakafyeka magugu, wakashusha vigae vilivyobaki, na hadi jioni upande wa nyuma ulikuwa na mabati mapya yanayong'aa. Malachy aliwalisha soseji na mikate ya nyama ya nguruwe, akazunguka nyumba mikono mgongoni. Hajawahi kuwa na furaha kama siku ile. Na alimpenda yule binti, nisimwonee. Ila alipenda zaidi kuwa sahihi.

Jumapili jioni gari likarudi. Malachy alikuwa amesimama langoni kwa Packie, kofia kaiweka upande, anangoja shukrani. Sorcha alishuka, akayatazama mabati, akaketi chini kwenye nyasi na viatu vyake vya harusi.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimekuezekea nyumba, mama. Bila karani."

"Nilikuambia usiguse!" Sauti ilimpanda hadi mtoto akaanza kulia garini. "Nilikuambia kwa mdomo huu! Mtoto huyu atalala wapi baridi ikija? Wapi?"

Eunan alimwinua mkewe. Wakaenda zao. Asubuhi Sorcha alipiga simu halmashauri akasema kweli yote, bila kuficha: majirani wametukosea, wametia mabati upande mmoja, picha za zamani tunazo. Mama mmoja aliyepokea akamwambia asikate tamaa, amwonyeshe mkaguzi hizo picha, huenda ikazungumzika. Sorcha akaenda kazini na tumaini kidogo.

Lau Malachy angekaa nyumbani kwake siku hiyo akakamua ng'ombe! Lakini mwenye dharau akikosea hawezi kutulia, anatafuta wa kumdanganya. Alimrudia Fonsie mchana.

"Tuurudishe."

"Turudishe nini?"

"Mti."

Na mijitu mizima ile, yenye wajukuu, ikaenda. Wakang'oa mabati wakayaficha ndani ya banda lililojengwa kwa ruzuku. Wakamwaga vigae jikoni. Wakauopoa mkuyu mtaroni, wakaupitisha mlangoni kwa kusukumana na kutukanana, wakausimamisha juu ya kisiki chake mwenyewe, wakaufunga kwenye ndoano za bomba la moshi kwa kamba ya buluu ya kufungia robota za nyasi. Hakuna mwanamume wa Kilcorrin asiye na kamba hiyo mfukoni, na hakuna kitu ambacho haamini kwamba inaweza kukitengeneza. Hawakumwambia Sorcha. Walitaka kumfurahisha mara ya pili.

Jumanne mkaguzi, kijana aitwaye Hanley, akafika, na Sorcha akamlaki barabarani na picha zake. Alikuwa katikati ya kueleza habari za mabati walipogeuka kutazama. Mabati hayapo. Mti upo.

Waliingia. Malachy alikuwa tayari jikoni, amejiegemeza ukutani kama aliyezaliwa humo.

"Mti huu," kijana aliuliza, "umeota lini?"

"Tangu enzi za Packie."

"Mbona majani yamesinyaa?"

"Ukame," Malachy alisema. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Pasaka, na wakati huo ilikuwa ikimdondokea shingoni.

Hanley akanyoosha kidole kimoja akausukuma. Kamba ya buluu ikalia, mkuyu ukainama polepole kwa adabu, ukalala juu ya kabati la vyombo la marehemu Packie. Nje Fonsie aliwasha trekta akaondoka, mtu ovyo.

"Mama," Hanley alimwambia Sorcha, na uso wake ulikuwa wa huruma kweli, "mabati machache ya majirani ningeweza kumweleza mkubwa wangu. Hili siwezi. Hili ni kutaka kunidanganya, na ombi lina jina lako. Samahani sana."

Akaenda. Malachy akakohoa, akatafuta dharau yake mahali ilipo siku zote, akaipata.

"Karani! Mtoto wa juzi! Hajui hata kushika—"

"Mjomba." Sorcha hakupaza sauti. "Yule hakukata mti. Yule hakuurudisha. Usimtaje."

Malachy akanywea. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Una vyumba vinne na paka mmoja. Fungua mlango."

Wakahamia wiki ile ile. Eunan anakalia kiti kilicho karibu na moto, Sorcha anatumia chai ya vifuko, na Malachy analala chumba cha nyuma ambamo zamani alikuwa akiweka mbegu za viazi. Aliuza ng'ombe wawili kununua mbao. Kila siku anavuka barabara kwenda kwa Packie akafanye kidogo anachoweza, peke yake, maana Fonsie na wenzake siku hizi wana migongo inayouma. Kazi haiendi. Ana miaka sabini na miwili, na paa ni paa.

Asubuhi Sorcha akienda kazini humpakatisha mjomba mtoto, na mtoto halali mpaka atembezwe. Basi Malachy hutoka na kigari, anakisukuma juu na chini ya barabara mbele ya gofu. Kila anayepita na trekta hupunguza mwendo, hulitazama gofu, humtazama yeye, hutikisa kichwa na kusonya. Malachy anaendelea kusukuma. Ni yeye aliyewafundisha.