Kikapu Hakirudi Kitupu

Maharagwe ya mbegu yaliyochanganywa na majivu yana harufu yake, kavu, yenye kukereketa koo, na hadi leo nikiisikia sokoni mguu wangu husita wenyewe. Ndiyo harufu ya mwaka wetu wa kwanza Gasorwe, mkoani Muyinga, baada ya kurudi kutoka Tanzania. Nasema kurudi kwa sababu ndivyo walivyosema wakubwa. Mimi nilizaliwa kambini, nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa ninafika mahali nisipojua hata njia ya kwenda kuchota maji. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na mabati yake mapya yalikuwa yakilia kila asubuhi jua lilipoanza kuyapasha. Katika chumba cha nyuma Baba aliweka gunia moja la mbegu, akaichanganya na majivu ili wadudu wasiitoboe. Msimu wetu mzima wa kupanda ulikuwa ndani ya gunia lile, na sote tulilizunguka kwa adabu, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Bibi, mama yake Baba, ambaye alilala chumba hichohicho. Alizaliwa Gishubi, kule Gitega, akaolewa Gasorwe angali msichana, akakimbia vita na watoto mgongoni, akazeekea kambini. Huko kambini tulidhani ni uzee tu: mboga aliitia chumvi mara mbili, na mimi aliniita kwa jina la shangazi yangu. Lakini siku tuliporudi, sisi tulishuka Gasorwe, na akili yake ikaendelea na safari mpaka Gishubi ya usichana wake. Kila asubuhi alijifunga kitenge vizuri, akachukua igiseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka, akakijaza maharagwe ya mbegu, akakitua kichwani na kusema anakwenda kwao kuwasalimu wazazi. Kwetu binti aliyeolewa haendi kwa wazazi wake mikono mitupu, na wanaompokea hawakirudishi kikapu kitupu. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Sisi Warundi methali hiyo tunaibeba kichwani.

Siku moja alitoweka tangu asubuhi hadi alasiri. Aliyemwona ni Mama Neema, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini aliyekuwa akiuza dagaa pale sokoni. Alimkuta amekaa kando ya barabara, miguu imechubuka, kikapu hakina kitu. Mbegu alikuwa amewagawia wapita njia, akiwaomba wamwonyeshe Gishubi, na kwa miguu Gishubi ni safari ya siku kadhaa hata kwa kijana. Jioni ileile Baba alipigilia komeo kwenye mlango wa chumba cha Bibi, kwa nje. Baba hakuwa mkatili. Nilimshikia misumari, na niliona jinsi alivyokuwa akifumba macho kila nyundo ilipotua. Aliogopa kumpoteza mama yake mtoni, na aliogopa njaa, na hofu hizo mbili alizifunga kwa komeo moja.

Watu nao hawakukosa la kusema. Walinong'ona kwamba Bibi amerogwa, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kidole walimnyooshea Mzee Barinaba, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Yeye hakukimbia wakati wa vita, akalima bonde letu miaka yote tuliyokuwa mbali, na tuliporudi wazee wa kilima, yaani wa kitongoji chetu, waliligawa katikati, nusu yake na nusu yetu. Baba alitia sahihi, lakini tangu siku hiyo yeye na Barinaba walipokutana njiani kila mmoja alikuwa na jambo muhimu la kutazama upande wa pili.

Mimi nilikuwa ninasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nikawa mlinzi wa komeo. Niseme ukweli, nilikuwa mtoto mjuaji. Darasani nilimsahihisha hata mwalimu, na nyumbani sikumwachia mtu neno. Bibi alikuwa akigonga polepole, kama anayegonga mlango wa watu asiowajua. "Nifungulie, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Jua linapanda na baba ananingoja."

"Bibi, baba yako alikufa zamani," nilimjibu kupitia ubao. "Hata mama yako alikufa."

Kisha nikasikia kilio, na hakikuwa kilio cha kizee, kilikuwa cha msibani, cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Aliniuliza walikufa lini, nani aliwazika, na mbona hakuna aliyekuja kumwita. Alilia mpaka akalala. Asubuhi iliyofuata aliamka hana habari, akagonga tena polepole, akasema baba anamngoja. Nilidhani somo halijamwingia, nikalirudia. Alilia upya. Nililirudia na siku ya tatu, na hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko mengine yote niliyofanya utotoni, kwa sababu siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kuona linavyomuumiza.

Siku hiyo ya tatu Mama Neema alipita kutuuzia dagaa, akasimama uani na beseni lake. "We mutoto," aliniuliza, "nani amekufa humu?"

"Hakuna. Ni baba yake Bibi. Zamani sana."

Alitua beseni, akasikiliza mlangoni, akanitazama. "Mi mama yangu alikuwaka hivi, kule Uvira. Iko bugonjwa ya bongo, haiko burozi. Sasa we, kila asubuhi uko unamuletea kilio ya baba yake. Atazika mara ngapi?"

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama basi nimdanganye. "Usimudanganye, na usimukatalie," alisema. "Muulize baba yake iko mutu wa namna gani. Donc, basi, akitaka kutembea, tembea naye. Miguu iko ya kutembea." Akatupimia dagaa, akaongeza konzi moja kwa ajili ya Bibi, akaenda zake.

Kesho yake, Baba na Mama walipokwisha kwenda shambani, nilivuta komeo. Nilijua fimbo ya Baba inakaa wapi. Bibi alitoka na kikapu chake, mbegu imo, na akanishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kuongozwa. Nilimuuliza baba yake ni mtu wa namna gani. Akaniambia ni mfupi, ana kikohozi, hucheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe. Sikuwahi kuyasikia hayo. Tulishuka bondeni, tukavuka kijito juu ya magogo, tukapanda katikati ya migomba, na ua la kwanza tulilolifikia lilikuwa la Mzee Barinaba. Nilimvuta kitenge. Hakusimama. Barinaba alikuwa akipasua kuni, na Bibi alikwenda moja kwa moja mbele yake, akainamisha kichwa. "Data, naje kubaramutsa," alisema, yaani baba, nimekuja kuwasalimu.

Barinaba alikuwa mdogo kwa Bibi kwa miaka isiyo haba. Alimtazama, akanitazama mimi, binti wa mtu asiyemsalimu. Maneno ya kusahihisha yalikuwa yamenijaa kinywani: huyu si baba yako, huyu ndiye wanayesema amekuroga. Niliyameza. Mzee alilaza shoka chini, akapangusa viganja kwenye suruali, akanyoosha mikono yote miwili na kumshika mabega. "Karibu, mwanangu," alimwambia kwa Kirundi. "Mume wako hajambo? Ng'ombe wanakamwa?"

"Hajambo, ila ana hasira," Bibi alijibu, na babu yangu alikuwa kaburini tangu kabla ya vita. Barinaba alicheka. Alimwita mkewe alete impeke, pombe ya mtama, wakanywa kwa zamu na mrija mmoja, na Bibi akamsimulia mambo ya ndoa yake mpaka jua lilipofika utosini. Mke wa Barinaba alimimina maharagwe, akakijaza kikapu viazi vitamu vilivyochemshwa. Kisha lilitokea jambo ambalo komeo halikuweza kulifanya. Bibi alisimama mwenyewe, akaaga. "Ninarudi kwangu," alisema. "Mume wangu asije akakuta moto umezimika." Binti aliyeolewa hakawii kwa wazazi wake. Alitangulia yeye njiani, nami nikifuata nyuma, na tulipofika aliketi jikoni, akachochea kuni, akatulia mpaka jioni.

Baba alikuta viazi juu ya mkeka. Nilimweleza yote, bila kuficha komeo, nikingoja fimbo. Aliniuliza jambo moja tu, Barinaba alimwitaje. Nikamwambia alimwita mwanangu. Baba alikaa chini, akamenya kiazi, akakila kikiwa kimepoa, na machozi yakamshuka mbele yetu. Kesho yake alichukua nyundo akaling'oa komeo, kisha akakijaza kikapu ndizi kwa mikono yake, kwa sababu sasa kilikuwa kimetoka kwa Barinaba na hakingeweza kurudi kitupu. Msimu ule wote tulivuka bonde, Bibi na mimi. Siku alizowahi kuamka kabla ya Baba alichota mbegu kama kawaida yake, na gunia likazidi kulegea.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Barinaba alivuka bonde kwa mara ya kwanza, na mfuko begani. Ndani mlikuwa na maharagwe yetu, yote aliyoyapeleka Bibi kwake, na majivu yake. Hakuwa amepika hata punje. "Niliona majivu, nikajua ni mbegu," alimwambia Baba. "Mbegu ya mtu hailiwi." Walishikana mikono, kisha mabega, wakabaki hivyo muda mrefu, kila mmoja akimuuliza mwenziwe habari za nyumbani kana kwamba alikuwa ametoka mbali. Tulipanda mwaka huo. Bibi aliishi nasi misimu mingine minne. Mwishoni alisahau njia, akasahau kikapu, akasahau hata kumeza, na alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Leo mimi ni mwalimu mjini Gitega, na ujuaji umekuwa kazi ya mshahara. Muuguzi mmoja wa hapa alitukusanya sisi wenye wazee nyumbani, akatueleza yale aliyoyajua Mama Neema pamoja na dagaa zake: kwamba ni ugonjwa wa ubongo, si laana wala uchawi, na si uzee wa kawaida, kwamba watafiti wanaendelea kuusoma na dawa ya kuuponya haijapatikana, kwamba kutuliza shinikizo la damu, kutembea na kukaa na watu kunausaidia ubongo, na kwamba mgonjwa hashindwi kwa hoja. Niliandika yote kwenye daftari. Enzi zile hatukuwa na muuguzi wala daftari, ila tulikuwa na bonde la kuvuka na mtu upande wa pili. Hapa mjini majirani wangu wana mageti, na imenibidi nibishe hodi moja moja, nieleze, niombe wampokee mzee wangu akifika.

Nilikwenda kwenye mkutano ule kwa ajili ya Baba. Hujafa hujaumbika. Anaishi kwangu sasa, na asubuhi nyingi ninamkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, anapapasa ubao kwa vidole, akitafuta komeo ambalo mlango huo haujawahi kuwa nalo. "Mama anagonga," ananiambia, na sauti inamkatika. "Anagonga tangu alfajiri. Nani amemfungia?"

Mara ya kwanza ukweli wangu wa zamani ulinijia mpaka ncha ya ulimi. Nilimshika mikono yote miwili. "Nilimfungulia, Baba," nilimwambia, na si uongo.

Akauliza kama mama yake alibeba kikapu.

"Alibeba."

"Kimejaa?"

"Kimejaa, Baba." Basi akaniachia mikono, akaenda kukaa, akaomba uji wake.