Mtani Wangu Masanja na Chumba cha Njumu za Misumari

Jamani, kichwa changu bado kinakataa. Jumatano Masanja alilalamika kifua kinambana. Alhamisi asubuhi simu ya mkewe, Mama Kulwa, ikanikuta nafunga kamba za buti niingie shifti. Sikumaliza hata kuzifunga.

Mnaonifuata hapa mnamjua bila kumjua. Zile njumu za misumari na mipira ya ngozi ya kufunga kamba nilizokuwa napost, mkawa mnauliza niko makumbusho gani, zilikuwa zake. Nilikuwa kwenye chumba cha uani kwake Tinde!

Tulikutana kazini Segese, yeye mtunza stoo, mimi mgeni kutoka Dar. Akaniuliza kabila. Niliposema Mzaramo, akafunga daftari lake, akatangaza stoo nzima kwamba kuanzia leo sina ruhusa ya kununa, maana Msukuma kapata mtani.

Break ya kwanza tu akanitolea kiatu kutoka chini ya meza. Nikadhani ni mzoga. Kumbe ni njumu ya zamani sana, ngozi imekauka kama ubao, naye anailainisha kwa mswaki na mafuta ya nyonyo. Wiki ya tatu hiyo, na bado hajafika kisiginoni. Nikanogewa palepale!

Nikamuuliza kwa nini asipige rangi yaishe.

"Sitaki kiwe kipya, bhebhe," akasema. "Nataka kisiendelee kufa."

Basi na mimi nikajifanya fundi. Jumapili moja nilichukua mpira wake mkongwe kuliko yote, nikaupaka samli mpaka ukang'aa, nikauanika uani. Mbwa akaja. Mmewahi kuona mtunza stoo mzima anakimbiza mbwa mtaa mzima na gambuti? Mimi nimeona.

Mpira ulirudi na alama za meno. Nililia, kweli nililia. Yeye akaniuliza tangu lini Wazaramo wanawapikia mbwa wa watu, kisha akakata kikaratasi, akaandika: "Meno haya ni kosa la mtani." Hakuziziba zile alama. Alisema nazo zimeshakuwa sehemu ya mpira.

Na zile glovu! Mzee mmoja wa Geita, mchimbaji aliyestaafu, alimletea glovu alizopigania ndondi ujanani, panya wamezitoa matumbo yote. Masanja akaenda mnadani, akawa anapita nyuma ya ng'ombe na mkasi anaomba singa za mkia. Wenye ng'ombe walicheka mpaka basi, lakini walimpa. Akazijaza, akazishona. Mzee alipozivaa alirusha ngumi moja hewani. Mimi nilipiga kelele kama niko ulingoni. Mwenyewe akaomba zibaki palepale zitunzwe.

Sasa niwape ya msibani.

Ijumaa nafika Tinde, nyumba imejaa, wageni hawana pa kulala. Baba mdogo wake, mtu mwema tu, akaagiza kile chumba kitolewe vitu. Nikakuta njumu, mipira na glovu vimerundikwa kando ya shimo la taka, na mtu ameshatumwa kiberiti.

Machozi yalikatika hapohapo. Nikazichomoa zile glovu kwenye rundo, nikazivaa, nikaenda kukaa mlangoni pa ile nyumba yenye jeneza. Mzaramo kwenye msiba wa Msukuma, nani atanigusa?

Baba mdogo akanipa noti, ndiyo ada ya mtani. Nikaikataa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo nikamwambia, "Baba, mkichoma hata kamba moja, Masanja hatoki hapa."

Waombolezaji wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa natania, na wakati huohuo sikuwa natania hata kidogo. Baba mdogo akaelewa. Akauliza nataka nini. Nikasema nataka chumba.

Wageni tukawatandikia mikeka kwa jirani. Vitu vikarudi ndani kimoja kimoja, baba mdogo mwenyewe akibeba, kila njumu akiuliza hii nayo ilichezwa wapi. Nilimjibu nilizojua. Kesho yake tulipotoka kuzika, Mama Kulwa akanishika mkono, akaniwekea ufunguo kiganjani.

Jana nimefungua, nikaingia peke yangu. Mezani kuna mpira hujaumaliza, Masanja, sindano bado imechomekwa kwenye ngozi, uzi unaning'inia. Nimekushonea mishono mitano. Yote imepinda, na ungeiona ungeifumua palepale huku unalisema kabila langu lote.

Njoo uifumue, basi. Nilikaa pale nikisubiri useme neno, mpaka kiti kikaniuma.

Wabeja, asante sana, mtani wangu. Lala salama. Vitu vyako viko ndani.