Winchi la Plastiki Kwenye Kaunta ya Forodha

Juzi nilikwenda bandarini kugongewa muhuri karatasi ya kifurushi. Mbele yangu, mzee wa Kikwajuni alikuwa akikomboa boksi kutoka Maskati: winchi la kuchezea, vipande vitupu vya plastiki vya kuunga mwenyewe.

"Mtoto ana umri gani?" akauliza afisa wa forodha.

"Langu mwenyewe."

Afisa akavua miwani. "Gia linazo?"

"Gia, mnyororo, na mkono unarefuka."

"Mimi nyumbani nimeunga greda la kuchezea. Gia zinateleza." Akasogeza faili pembeni. "Lakini siwezi kuandika winchi, na winchi sijaliona."

Wakaanza kuliunga pale pale. Bi mmoja wa foleni akawashikia kulabu.

Adhuhuri likaunyanyua muhuri wa forodha hadi juu, tukapiga makofi, tukarudi majumbani tumeridhika. Kuugonga, hakuna aliyekumbuka.