Hoho nilizopanda mwenyewe Zinga nusura zivunje posa ya mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nachungulia nyuzi za kilimo, nabeba maarifa ya watu, naondoka kimyakimya. Leo nimeona nami nitoe changu. Haya yametokea nyumbani kwangu na wahusika wote wapo hai. Majina tu nimeyabadilisha, kwa sababu mke wangu naye ana akaunti humu.

Mimi ni fundi friji, naishi Zinga. Mwaka juzi nilikuwa nashusha friji la duka kutoka kwenye kirikuu, mgongo ukakatika. Siyo kukatika kweli, ila nilibaki nimeinama palepale hadi watu wakanibeba. Daktari akasema miezi mitatu nisinyanyue kitu kizito.

Miezi mitatu mwanaume kushinda nyumbani si mchezo. Mke wangu, Mama Nasra, anapika vitumbua asubuhi, akimaliza anafagia uwanja, na kila anapofagia ananikuta nimekaa njiani. Siku ya nne akaniambia, "Baba Nasra, kilichoumia ni mgongo. Mikono mizima. Itafutie kazi."

Ndiyo nikaanza pilipili.

Sababu ilikuwa moja tu, mche wa pilipili ni mwepesi. Unakaa kwenye ndoo ya rangi, hauhitaji jembe, unaweza kuuhudumia ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Nilianza na pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye makunyanzi. Mbegu nilizitoa jikoni kwetu. Zikafuata pilipili kichaa, zile ndogo zinazotazama juu. Halafu zile ndefu nyekundu. Halafu hoho, mbegu za dukani. Kuna rafiki yangu anapika kwenye hoteli moja Bagamoyo mjini, akaniletea aina ambayo inaanza zambarau, inageuka njano, inaishia nyekundu. Mche mmoja unakuwa na rangi tatu kwa wakati mmoja. Hiyo majirani walikuwa wanakuja kuipiga picha.

Hadi mgongo unapona, nilikuwa na ndoo ishirini na sita.

Niseme mawili matatu kwa wanaotaka kujaribu huku Pwani. Udongo wetu ni mchanga mtupu, bila samadi iliyooza vizuri utamwagilia hadi uchoke. Maji ya kisima chetu yana chumvi, majani yakawa yanaungua pembeni na sikujua kwa nini. Nilipofunga mfereji kwenye bati na kukinga maji ya mvua kwenye pipa, ndani ya wiki tatu miche ikabadilika. Vidukari nawapiga na maji ya mwarobaini yenye sabuni ya kipande.

Na jambo jingine, ukishavuna nawa mikono kabla hujaenda chooni. Siyo baada. Kabla. Sitaeleza zaidi.

Wakuu, nilifurahi. Nilirudi kazini lakini asubuhi naamka mapema nakunywa chai katikati ya ndoo zangu, nageuza majani kuangalia wadudu, nahesabu maua. Hata presha ambayo daktari alikuwa ananisemea ilishuka.

Sasa kosa langu lilipoanzia.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, nilichagua hoho zangu nzuri kuliko zote, nikatoa mbegu, nikazikausha kwenye karatasi. Mbona ninunue wakati ninazo? Nilichosahau ni kwamba ndoo za hoho zilikaa zimepakana na ndoo za zile pilipili ndefu. Nyuki wanatoka huku wanaingia kule.

Msimu wa pili hoho zikazaa sana. Baadhi zilikuwa ndefu kidogo, zimechongoka mwishoni. Nikajua samadi imekubali. Nikachuma moja nikaionja, tamu kabisa. Nikaridhika.

Nimtaje sasa mdogo wangu, Mwanahawa. Ni fundi cherehani, tunaishi naye. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Miaka miwili kabla ya haya kuna watu walileta posa, wakala, wakacheka, wakaondoka wakasema tutawasiliana. Hawakurudi wala hawakusema sababu. Mwanahawa alikaa wiki nzima hajagusa cherehani. Tangu hapo ukitaja habari za wageni wa posa anaondoka hapo alipo.

Akaja Shabani, mkulima wa mananasi wa Fukayosi. Kijana mpole, mwenye kazi yake. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake anayeitwa Bi Tatu. Barua ya posa ikaja kwa utaratibu wote, tukapanga Jumapili waje kusikia jibu. Kwa desturi Shabani mwenyewe hakuja. Walikuja wawili, Bi Tatu na mdogo wake, Mzee Athumani.

Mama Nasra akapanga pilau, kuku na kachumbari. Mimi nikaongeza la kwangu, hoho za kujaza nyama ya kusaga. Nilitaka wageni wajue kuwa zimetoka uani kwangu.

Wakati anazipasua, Mama Nasra akaniita. "Baba Nasra, vidole vinaniwasha."

Nikamwambia, "Si ulikatakata pilipili mbuzi za achali asubuhi?"

"Nilinawa."

"Mama Nasra, hizi ni hoho. Nimezipanda mwenyewe, nimezionja mwenyewe."

Akaendelea kujaza nyama.

Wageni wakafika kabla ya adhuhuri. Bi Tatu ni mama mnene kiasi, mtaratibu, haongei ovyo. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba huku ananitazama kama anayesoma kitu. Tukaswali, tukakaa mkekani, chakula kikaja. Hoho nikazipakua mimi mwenyewe kwa heshima, kubwa mbili zilizonyooka nikawawekea wageni.

Mzee Athumani akang'ata yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Tatu akang'ata yake.

Nilimwona anaacha kutafuna. Macho yakajaa machozi. Ni mtu mwenye adabu, hakutema, alimeza. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza. Jasho linamtoka mpaka kwenye mtandio. Akanywa maji, ikawa mbaya zaidi.

"Vipi, dada?" Mzee Athumani akamuuliza.

"Pilipili," akasema kwa sauti iliyokauka.

Mzee akaitazama ya kwake, akang'ata tena kuhakikisha. "Mbona hii tamu?"

Wakuu, sijui kama mnaiona picha. Wageni wawili, sahani mbili, mmoja anakula raha, mwingine analia. Na anayelia ndiye aliyemlea bwana harusi. Hata mimi ningekuwa mgeni ningesema nimefanyiwa makusudi.

Bi Tatu akafuta uso, akamtazama mke wangu. "Haya mapishi ni ya nani?"

Mama Nasra akainamisha kichwa.

Na mimi nikanyamaza.

Naandika hili kwa sababu nilisema nitasema kweli. Nilijua zimetoka kwangu, nilijua mke wangu aliniambia vidole vinamwasha, nilijua mkono uliopakua ni wangu. Lakini nilimwacha ainamishe kichwa. Mzee Athumani alikuwa ameshachukua kofia yake kutoka gotini, anaigeuzageuza. Nikaona posa ya pili hiyo inaondoka.

Pazia la chumbani likafunguka.

Mwanahawa akatoka. Kwa desturi yetu hakutakiwa kuonekana kabla ya jibu kutolewa, alikuwa ndani amefungiwa na hina yake. Alipita katikati yetu mpaka kwenye friji, akatoa jagi la mtindi, akapiga magoti mbele ya Bi Tatu.

"Shikamoo, shangazi. Usinywe maji, yanausambaza ukali. Kunywa haya maziwa, yashikilie kidogo mdomoni ndipo umeze."

Bi Tatu akanywa. Mwanahawa akamjazia tena. Akachukua ncha ya kanga yake akamfuta jasho shingoni, taratibu, kama anamfuta mama yake. Kikohozi kikapungua, kikakata.

Nilimwangalia mdogo wangu nikaona aibu. Yeye ndiye mwenye cha kupoteza kuliko sisi sote na yeye ndiye aliyesimama.

Nikasema, "Shangazi, mapishi hayana kosa. Hoho nimezipanda mimi na nimezipakua mimi. Mke wangu alinitahadharisha, nikamkatalia. Nisameheni."

Nikainyanyua hoho ya Bi Tatu iliyobaki, nikaing'ata palepale mbele yao, ili waone sifichi kitu. Ilikuwa moto wa kweli. Nami nikaomba mtindi.

Bi Tatu aliningoja nimalize kukohoa. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mbegu ulizitoa wapi?"

"Nilizikausha mwenyewe, shangazi. Za hoho za mwaka jana."

"Na mwaka jana zilikaa karibu na nini?"

Nikampeleka uani. Aliinua kanga asichafuke, akapita ndoo moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye pilipili ndefu akasimama, akazitazama, akatazama hoho, akaanza kucheka. Kwanza kidogo, mwisho akashika ukuta.

Kumbe Bi Tatu analima mboga Fukayosi tangu akiwa msichana. Akanieleza hapohapo uani, kwa faida yenu nami naeleza. Hoho ikichanganya na pilipili kali mwaka huu, tunda lake linabaki tamu. Ukali unajificha kwenye mbegu. Ukizipanda hizo mbegu, miche mingine itazaa tamu na mingine itazaa kali, na kwa macho huwezi kuzitofautisha vizuri. Unatakiwa kuonja tunda la kila mche. Mimi nilionja la mche mmoja.

"Ukitaka mbegu safi," akasema, "ua la hoho livalishe kimfuko cha chandarua kabla halijafunguka. Ukiona kijitunda kimeshika, toa kimfuko, funga uzi ili usikisahau. Mbegu zako chukua kwenye tunda hilo."

Tukarudi ndani. Akakaa, akaomba apakuliwe pilau tena, bila hoho.

Tulipomaliza kula nikatoa jibu letu, kwamba tumekubali. Mzee Athumani akashukuru kwa maneno ya kiutu uzima. Bi Tatu akaongeza ya kwake. Alisema, "Mimi nilikuja kumwangalia huyu binti. Leo ningeona hina na mtandio, nikarudi sijui kitu. Nashukuru nimemwona watu wamekwama na yeye hakukwama."

Mwanahawa alikuwa amesharudi nyuma ya pazia. Tulimsikia analia, na safari hii hakuna aliyekwenda kumbembeleza.

Waliondoka kwa amani. Mimi nikaenda jikoni kumwomba radhi Mama Nasra. Alikuwa anasugua sufuria. Akasema, "Ya pilipili nimekusamehe palepale. Ile kunyamaza ndiyo bado naifikiria."

Aliifikiria siku mbili. Siku ya tatu aliniwekea vitumbua vya moto mezani, nikajua yameisha. Lakini sijasahau, na sitaki kusahau.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillah. Mwanahawa yuko Fukayosi, cherehani yake ipo kibarazani kwa Bi Tatu, na wateja anao. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta mkwe na mkaza mwana wake wamekaa chini ya kibanda cha miche wanabishana kuhusu samadi ya kuku. Nilisalimia mara mbili ndipo wakanisikia.

Nilichojifunza, wakuu. Kwenye kilimo, usiiamini mbegu kwa sura ya tunda ilikotoka. Kwenye nyumba, mwenzako akikwambia vidole vinawasha, acha ubishi, onja. Na ukikosea mbele ya watu, sema upesi, usimwache mtu wako ainamishe kichwa kwa ajili yako hata kwa pumzi tatu.

Sasa nakaribisha wajuzi. Kuna aliyefanikiwa kutenganisha hoho na pilipili kali kwenye uwanja mdogo bila hivyo vimfuko? Na ile ya rangi tatu inadondosha maua jua likiwa kali, mnaifanyaje?

Aliye Zinga au anayepita kwenda Bagamoyo, nina miche kumi na tano ya mbuzi na kichaa ya kugawa, niandikie inboksi nikuelekeze nyumba. Miche ya hoho ipo pia, ila hiyo utanisubiri kwanza izae, nikuonjee.